Tone Huanguka Hapa, Maji Yameingilia Kule



Katika Kitabu cha Mhubiri, sura ya 10 aya ya 18, mwenye hekima anailaumu mikono mivivu kwa ajili ya nyumba inayovuja. Wengi wetu tumeielewa aya hiyo kwa njia rahisi: fanya kazi kwa bidii, na paa lako halitavuja. Lakini je, hatujaona watu wenye bidii ambao nyumba zao zimevuja masika baada ya masika? Kila mwaka hupanda juu na kopo la lami, na kila mwaka huweka tena sufuria chini ya tone. Basi nionavyo mimi, uvivu una namna mbili. Upo uvivu wa kulala, na upo uvivu wenye jasho, yaani kufanya kazi nyingi ili kukwepa kazi moja ngumu, nayo ni kutafuta chanzo. Uvivu huu wa pili ndio hutufanya tuwadhulumu wenzetu bila kujua.

Mfano nitauchukua katika vyombo vya majini, kwa maana huko jambo hili huonekana wazi zaidi kuliko nyumbani. Sisi wa Kibaoni tu watu wa mpunga na mahindi, lakini wengi tumepita Mpanda tukateremka hadi Karema au Ikola, tukaziona boti za mbao zenye injini, nyingine zikiwa na sitaha na kibanda cha nahodha. Boti ya namna hiyo ikishakaa miaka mingi huanza kuvuja mvua. Sisemi maji ya ziwa yapandayo kutoka chini. Nasema mvua ishukayo kutoka juu, ikaloweka magunia na malazi.

Ukimwuliza mwenyewe sababu, atajibu, "Imezeeka." Jibu hilo halitoshi. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, lakini kwanza mafundi wao walizipaka mashine grisi nyingi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Mashine zile za mvuke zilitumika hadi zilipobadilishwa kwa za dizeli katika miaka ya 1970. Chuma kilicholala majini karibu miaka minane kiliamka kikafanya kazi, kwa sababu mtu alifikiri mapema maji yatapenya wapi. Basi uzee peke yake si tundu. (Nami katika umri wangu nafurahi kulisema hilo.)

Fundi mwema huanza kwa swali: haya ni maji gani? Kule pwani huweza kuonja tu. Yakiwa ya chumvi ni ya bahari, yasipokuwa na chumvi ni ya mvua. Hata katika Ziwa Rukwa letu lenye magadi, ulimi ungesaidia. Lakini Tanganyika ni maji baridi ya kunywa, na ulimi hauwezi kuyatenga na mvua. Kwa hiyo fundi hufua maji yote, hukausha boti, na kuitia nanga usiku usio na mvua. Asubuhi akikuta maji chini, yametoka ziwani. Akikuta pakavu, hungoja mvua. Tena huangalia yasiwe jasho tu, kwa maana watu wakilala wengi ndani ya kibanda kilichofungwa, pumzi zao hugeuka matone juu ya kioo na bati lenye baridi.

Akishajua ni mvua, huuliza swali la pili: yameingilia wapi? Hapo ndipo wengi hupotea. Maji hayaanguki pale yalipoingilia. Huingia katika tundu la skrubu ya reli ya kushikia, au katika pembe ya dirisha ambalo putii yake imekauka na kupasuka. Kisha hutambaa chini ya ubao, hukutana na taruma, huufuata waya wa taa, na mwisho hudondoka mbali sana na mahali yalipoanzia. Hata nyumbani ni hivyo: tone la kitandani huenda limeanzia kwenye msumari uliolegea juu kabisa karibu na kipaa, likateremka pamoja na mbao. Mtu apakaye lami juu ya tone amefanya kazi, ametumia fedha, na hakuziba kitu. Pengine ameongeza hasara, maana akiziba mahali pa kutokea na kuacha pa kuingilia, maji hubaki ndani ya ubao. Tone halionekani tena, na watu humsifu, kumbe mbao zinaoza kimyakimya.

Kwa hiyo fundi hutafuta kwa utaratibu. Mmoja hukaa ndani na kurunzi na chaki. Mwingine hukaa nje na kopo la maji, naye huanza chini na kupanda juu kidogo kidogo, akimwagia kiungo kimoja na kungoja kabla ya kwenda kingine. Akianzia juu, maji yatateremka na kupita viungo vyote, wala hatajua kipi kimepitisha. Tundu likipatikana, hung'oa skrubu, hukwangua putii ya zamani, hukausha ubao, huziba upya, kisha humwagia maji tena. Asipomwagia tena, hana haki ya kusema amemaliza.

Nilimshuhudia fundi wa namna hiyo huko Karema wakati wa kiangazi. Boti ilikuwa imelowesha magunia ya mchele masika yaliyotangulia, na mwenye boti alikuwa amemkata mshahara kijana wa kazi, akidai aliacha dirisha wazi, kwa kuwa tone lilianguka karibu na dirisha lile. Fundi alikataa kupaka chochote kabla ya kutafuta. Siku ya pili chaki yake ilifika kwenye shina la mlingoti wa taa, upande mwingine wa kibanda. Mlingoti ule alikuwa ameufunga mwenye boti mwenyewe, akaacha matundu mawili ya bolti bila kuyaziba. Mwenye boti alimshukuru fundi na kumlipa vizuri. Yule kijana alikuwa pale pale akifua maji. Hakuna aliyemwambia neno, wala mshahara wake haukutajwa.

Hapo naona kiini cha suala letu. Tunapomlaumu mtu aliyekaa chini ya tone, tunafanya kosa la akili na kosa la haki kwa pamoja. Mimi nimefundisha walimu, na kila mara niliwaambia hivi: mtoto wa darasa la saba akishindwa hesabu za asilimia, usikimbilie fimbo. Mpe hesabu za sehemu, za darasa la chini. Akishindwa, shuka tena. Huenda maji yaliingia darasa la tatu, siku alipokuwa mgonjwa nyumbani, na tangu hapo yametambaa ndani ya ubao. Vivyo hivyo katika kikundi cha kuweka akiba. Hesabu ikipungua, jicho huenda kwa mtunza fedha, kwa sababu upungufu huonekana katika daftari lake. Labda ni yeye. Labda ni mkopo uliotolewa na wakubwa bila kuandikwa.

Mtu anaweza kunipinga: "Mwalimu, ukisema kila kosa limetoka mahali pengine, hutabaki na mkosaji hata mmoja. Mwizi atasema ni njaa, na njaa itasema ni ukame." Pingamizi hili lina uzito, nami nalijibu kwa mambo mawili. Kwanza, binadamu si ubao. Ubao hupitisha maji bila kuchagua, bali mtu huchagua, na mara nyingine tukitafuta kwa uaminifu tutakuta kuwa tundu ni uamuzi wake mwenyewe. Kutafuta chanzo si kumtetea mtu, wala si kumhukumu kabla. Pili, fundi hapandi hadi mawinguni. Mvua ndiyo sababu ya kwanza, lakini haizuiliki. Yeye hutafuta sababu ile ambayo mkono waweza kuifikia, na ambayo ikizibwa tone litakoma. Hapo ndipo pa kusimama.

Tena kutafuta chanzo hakutuondolei wajibu wa leo. Maji yakidondoka usiku, weka sufuria na uhamishe watoto. Mwenye njaa apewe chakula kabla ya kuulizwa historia yake. Lakini sufuria si tengenezo, na wanaoridhika na sufuria watazeeka wakiimwaga.

Basi sasa naielewa ile aya ya Mhubiri kwa namna nyingine. Mikono mivivu yaweza kuwa mikono iliyojaa lami. Mvua zetu huanza Novemba na kwisha Aprili. Miezi ya kiangazi tumepewa kwa kazi hii ya kutafuta, wakati hakuna tone linalotusumbua na kwa hiyo hakuna anayetusukuma. Na tukishaliona tundu na kuliziba, imebaki kazi moja ambayo putii haiwezi kuifanya: kumwendea yule tuliyemlaumu kwa sababu tone lilimwangukia, kumwambia wazi kwamba hakuwa yeye, na kumrudishia tulichomkata.