Kulinda si Kufungia

Mwaka jana nilipeleka barua ya marehemu babu saiba, ikalaminetiwa kwa shilingi hamsini. Nikajiona mjanja. Nyanya akaishika, akaigeuzageuza, akaniuliza, "Sasa karatasi yenyewe nitaigusaje?"

Baadaye nikasoma kuhusu wahifadhi wa karatasi za kale. Kanuni yao moja kubwa: usifanye kitu kisichoweza kutenguliwa. Palipochanika hubandika karatasi nyembamba ya Kijapani kwa gundi ya wanga wa ngano, maana unyevu kidogo tu huiachilia. Plastiki yangu iligandishwa kwa moto. Ukijaribu kuibandua, barua nayo inaweza kuchanika.

Wataalamu pia wamewahi kukosea. Marekani, kuanzia miaka ya 1930, William Barrow alifunika hati za kale kwa plastiki akiamini anaziokoa. Leo wahifadhi huikwepa njia hiyo.

Je, nia njema inatosha? Zamani ningesema ndio. Siku hizi naona ukikipenda kitu, kubali kwamba huenda umekosea, umwachie ajaye nafasi ya kurekebisha.

Sandukuni zimebaki barua tatu. Nimemwomba Nyanya aziweke tu mbali na jua na unyevu.