Ushuhuda wa Nusu

Wiki hii sitaanza na andiko. Nitaanza na kosa langu.

Mwezi uliopita nilikuwa naongoza ibada ya pili, nikamwona mama mmoja wa kanisa letu ameketi upande wa dirisha. Ameniruhusu nieleze haya bila kumtaja jina. Ana saratani ya mapafu iliyofika hatua ya nne, na hajawahi kushika sigara maishani. Tulimwombea, tukakesha, tukafunga. Sasa alikuwa amenenepa kidogo na anatembea bila kushikwa. Basi mimi nikamwita mbele, nikampa maikrofoni: "Mama, waambie watu Yesu amekuponya!" Kanisa likasimama, kinanda kikapanda. Mama akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Asante Yesu," akarudi kukaa.

Baada ya ibada alinifuata nje karibu na tangi la maji. "Pasta, mwanangu, ulitaka nidanganye? Jumatano napanda basi la usiku kwenda Nairobi kuwekewa dripu. Niseme nimepona, halafu watu wanione stendi ya Kitale na begi, watasema nini? Ati imani imeisha?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo.

Kwanza tuelewe anatibiwa na nini, kwa sababu wengi wetu tunajua kemotherapi peke yake. Yake inaitwa imunotherapi. Mwili una askari wake. Saratani ni janja: ni kama inawaonyesha hao askari kitambulisho cha bandia, nao wanaipitisha kama mwenyeji. Dawa hii haiui saratani yenyewe. Inavunja ule ujanja, askari wanaamka na kumwona adui. Wanasayansi wawili, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2018 kwa kazi iliyofungua njia hiyo. Mimi namshukuru Mungu kwa ajili yao. Hezekia aliomba akaongezewa miaka 15, na bado Isaya akaagiza awekewe tini kwenye jipu lake.

Lakini si kila mtu inamfanyia kazi. Kwa saratani nyingi, walio wengi haiwasaidii vile walivyotarajia. Wengine inawapa miaka, wengine miezi. Na hao askari wakishaamka wanaweza kukosea, wakashambulia mapafu, matumbo au ini la mtu mwenyewe. (Kwa hivyo nawaomba: mgonjwa wa namna hii akianza kuhara au kukohoa upya, asiambiwe ni vita vya kiroho afunge siku tatu. Apigie daktari simu siku hiyo hiyo.) Mtu wa dawa hii anaishi kutoka picha moja ya hospitali hadi nyingine. Hajapona, na hafi. Sisi kanisani tuna nafasi ya waliopona na nafasi ya waliolala katika Bwana. Huyu wa katikati hatujui tumweke wapi, ndiyo maana mimi nikajaribu kumsukuma upande mmoja kwa maikrofoni.

Tumefundishwa tukiri uponyaji, tusikiri ugonjwa. Siyadharau mafundisho hayo. Nimeona imani ikimwinua mtu kitandani. Lakini kuna mahali kukiri kunageuka kuwa uongo. Nikimwambia Mungu ninachotumaini, hiyo ni imani. Nikiwaambia watu jambo ambalo najua halijatokea, ili ibada ipendeze, hiyo si imani, hata kinanda kikilia vipi.

Someni Marko 8, habari ya kipofu wa Bethsaida. Yesu alimwekea mikono, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Fikirieni shinikizo la yule mtu! Aliyemwombea ni Yesu mwenyewe. Lakini akajibu ukweli: anaona watu, ila wanafanana na miti inayotembea. Yesu hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwekea mikono mara ya pili. Je, angesema "Haleluya, naona vizuri", si angeenda nyumbani akigongana na watu akidhani ni miti?

Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, alikuwa akifundisha shule ya Jumapili katika kanisa la Kibaptisti la Maranatha, mjini kwao Plains, Georgia. Agosti 2015, akiwa na miaka 90, alitangaza kwamba saratani inayoitwa melanoma imefika kwenye ubongo. Alikuwa amepasuliwa ini, akapigwa miale, akaanza imunotherapi. Desemba aliwaambia wanafunzi wake wa Jumapili kwamba picha ya ubongo haionyeshi saratani tena. Angeishia hapo. Lakini siku hiyo hiyo alitoa taarifa kwamba ataendelea na dawa kila wiki tatu. Aliishi hadi Desemba 2024, akiwa na miaka 100. Silete habari hii kama ahadi. Hapa kwetu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alieleza hadharani mwaka wa 2019 kwamba saratani yake imefika hatua ya nne, na Julai mwaka huo akafariki. Mwisho wao haukufanana, lakini wote wawili walisema ukweli.

Nilisomea biashara, kwa hivyo naona pia hesabu. Dozi moja ya dawa hizi hufika mamia ya maelfu ya shilingi. SHA ilipoanza, kikomo cha saratani kilikuwa 550,000 kwa familia nzima kwa mwaka, na hiyo haifiki mbali. Familia lazima ikae chini iongee: tuuze kipande cha shamba au tusiuze? Tukiuza na dawa isikubali? Huyu mama anataka kuwagawia watoto wake hati ya shamba akiwa na nguvu zake, lakini kila akianza, mtu anamkatiza: "Mama, usikiri mauti." Maneno hayo tumewafundisha sisi. Tumefunga mlango ambao yeye anataka kuufungua, na siku haziko nyingi za kupoteza. Na kama familia itaamua dawa imetosha, sitasimama madhabahuni kuwaita watu wa imani haba.

Jumapili iliyopita nilimwomba msamaha mbele yenu. Akachukua maikrofoni mwenyewe. Akasema uvimbe umepungua lakini haujaisha, usiku bado anakohoa, na anaogopa picha ya mwezi ujao. "Niombeeni tena," akasema. Kanisa likanyamaza. Kisha mzee mmoja nyuma kabisa akasema, "Amina, mama," na kinamama wakasogea wakamwekea mikono.

Jumatano anasafiri. Wa kumsindikiza hadi stendi ya Kitale tukutane kanisani saa kumi na moja jioni.