Fundo Kwanza, Kisha Tawakkul



Kila likizo inapokaribia, wanafunzi wenzetu hupanga safari, na siku hizi mchezo unaotajwa sana ni ziplaini. Mtu hufungwa mishipi kiunoni na mapajani, huvishwa kofia ngumu, kisha huning'inizwa kwenye waya wa chuma na kuteleza juu ya miti. Uganda mchezo huu upo katika msitu wa Mabira, kwenye njia ya Jinja kwenda Kampala. Kenya upo katika msitu wa Kereita, kusini mwa milima ya Aberdare. Ndipo swali huzuka: yafaa Muislamu kulipa pesa ili atishwe?

Wako wasemao huko ni kujitupa katika maangamizi, jambo lililokatazwa katika Suratul Baqara, aya ya 195. Wako wasemao ajali haina kinga, siku ikifika imefika, basi twende tu. Naona kauli hizi mbili zimeteleza mahali pamoja: zote zinatazama urefu wa waya, wala hakuna inayotazama fundo.

Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake na kumtegemea Mwenyezi Mungu, au amwache bila kumfunga na kumtegemea. Akaelekezwa afunge kwanza, kisha ategemee. Tawakkul, basi, haichukui nafasi ya kamba. Huja baada yake.

Kwenye ziplaini, kiongozi hukagua kila mshipi na kila kulabu kabla hujaondoka jukwaani, na mwenzake hukungoja upande wa pili. Moyo unadunda, lakini mwili umefungwa. Hofu na hatari si kitu kimoja. Anayeruka baada ya kufungwa vizuri hajajitupa popote.

Sasa tugeuze upande wa pili, maana kama hofu si hatari, kutokuwa na hofu nako si usalama. Sisi watu wa Busia tunalijua hili kuliko wengine. Boda boda ilianzia hapa mpakani katika miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda, na jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la mpaka. Leo ni pikipiki. Abiria watatu nyuma, mtoto mbele juu ya tangi, hakuna mwenye kofia, na lori la mizigo linapumua ubavuni kuelekea Malaba au Tororo. Hakuna anayeogopa, kwa kuwa tumezoea. Kisha mazoea hayo tunayaita tawakkul.

Sayyidna Umar (r.a.) alipofika Sargh, njiani kuelekea Sham, akaambiwa tauni imeingia huko, aliamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah. Jibu la Umar lilikuwa kwamba anaikimbia qadari kwenda kwenye qadari, akapiga mfano wa mchunga ngamia penye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapolisha, ni kwa qadari. Kuchagua upande wenye majani hakupunguzi imani.

Lakini fundo lina gharama, na hapa ndipo swali linapouma. Mwenye pesa ya kwenda Kereita hupewa mishipi, kofia na viongozi. Kijana wa boda, ambaye mara nyingi pikipiki si yake na jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri, hupewa nini? Huambiwa amtegemee Mungu. Tukiridhika hivyo, tumegawa dini mafungu mawili: kamba kwa wenye uwezo, tawakkul kwa mafukara. Hadithi ya ngamia haikugawa hivyo.

Maulamaa wa usuli, akiwemo Imam Ghazali, wamehesabu kuhifadhi nafsi miongoni mwa mambo matano ya lazima ambayo sheria imekuja kuyalinda. Jukumu hilo halimwangukii dereva peke yake. Tajiri anayekodisha pikipiki bila kofia ana sehemu yake. Abiria anayemhimiza dereva akimbie, au anayekubali kupakiwa wa tatu ili nauli ishuke, naye ana sehemu yake. Roho ya mwenzako ni amana mkononi mwako kwa muda wa safari, kama yako ilivyo mkononi mwa kiongozi wa msituni.

Kwa hiyo anayetaka kuteleza juu ya msitu na ateleze, maadamu hakuacha swala, hakuingia katika israfu, wala hakutumia pesa yenye haki ya mtu. Ila akishuka kwenye basi mpakani na kuita boda, asiulize nauli tu. Aulize na kofia, na akubali kulipa tofauti yake.

Wallahu a'lam.