Tunda Lisiloliwa

Mumunye huharibikia ukubwani, husema wahenga, na methali hiyo hutumiwa kumsuta mtu aliyelelewa vyema kisha akapotoka alipokuwa mtu mzima. Ni methali ya jikoni. Aliyeitunga aliutazama mmumunye kwa jicho la mpishi, ambaye hulitaka tunda lingali changa, ngozi yake ikipenyeka kwa ukucha, ili likatwe vipande na kuungwa kwa nazi. Likikomaa, nyama yake huwa nyuzinyuzi na gamba lake hugeuka gumu kama ubao, kwake limekwisha. Lakini kwa mwenye kutafuta mbegu, au kibuyu cha kutekea maji, huko ukubwani ndiko tunda linakotimia. Mbegu za mumunye changa hazioti. Kwa hiyo anayepanda mbegu ya kurithi hukabiliwa na jambo ambalo methali haikulitaja: hawezi kulila tunda na papo hapo akalirithisha.

Jambo hili huonekana dogo mpaka mtu alikute katika bustani ya nyuma ya nyumba isiyozidi upana wa chumba. Hapa Columbus, Ohio, mbegu hulowekwa usiku mmoja na kuoteshwa ndani ya nyumba mwezi wa Aprili, miche huhamishiwa nje ardhi ikishapata joto, na jalidi ya Oktoba huukuta mmea bado una maua. Matunda yanayowahi kukomaa ni machache. Lililotangulia kufunga ndilo lifaalo zaidi kwa mbegu, kwa kuwa limepata siku nyingi kuliko wenzake. Nalo ndilo ambalo watu wa nyumbani wamelingojea tangu mmea ulipoanza kutambaa. Tukila lililo bora na kuachia mbegu yale yaliyosalia, tutakuwa tunachagua, mwaka baada ya mwaka, kizazi cha wachelewaji.

Lugha yetu ina maneno kadhaa kwa kitu kinachopita mkono hadi mkono, na si vibaya kuyapima moja moja. Urithi ni mali ya aliyerithi. Akitaka ataiuza, akitaka ataila, na hakuna wa kumuuliza. Amana ni mali ya mwingine, na sharti irudi kama ilivyopokewa. Wakfu ni kitu cha tatu: asili huzuiwa, mapato hutolewa. Watu wa Lamu, Mombasa na Unguja hawahitaji kuelezwa. Wameona nyumba, kisima au shamba la minazi lisilouzwa wala kugawanywa, ambalo faida yake huenda msikitini, kwa maskini, au kwa kizazi cha mwenye kuliweka.

Ni rahisi kusema mbegu ya kale ni wakfu, na nimesikia ikisemwa. Mfano huo unakwama mahali pamoja. Katika mnazi wa wakfu, asili na tunda ni vitu viwili: nazi huanguliwa, mnazi husimama. Mmumunye huishi msimu mmoja. Baridi ikiingia hufa wote, majani na mizizi, na asili yake yote imo ndani ya tunda lilelile ambalo lingeweza kuliwa. Amana nayo haitoshi, kwani hakuna mbegu irudishwayo ileile. Anayeifungia kwenye chupa kwa heshima huiua polepole. Anayeipanda hurudisha watoto wake, si yenyewe. Neno ninaloliona linakaribia ni dhamana. Anayempa mwenziwe mbegu humdhamini mmea ambao bado haujakuwapo.

Kwamba dhamana hiyo si neno la kupamba, ua lenyewe hutufundisha. Ua la mmumunye ni jeupe, hufunguka jioni, na hutembelewa na nondo usiku, na nyuki pia. Hawa hawajui mipaka ya ua wa nyumba. Jirani mwenye asili ya India hupanda mumunye lake refu la kupika. Jirani wa pili, Mmarekani, hupanda vibuyu vya kuwatundikia mbayuwayu wajenge viota ndani yake, desturi ambayo Wamarekani waliichukua kwa wenyeji wa asili wa bara hili. Yote hayo ni spishi moja na huzaliana bila shida. (Maboga hayamo, wanaohofia boga kuuchafua mmumunye hujisumbua bure.) Vibuyu vya pambo mara nyingi ni vichungu, na uchungu huo ni sumu iitwayo kukabitasini, huko India wapo waliolazwa hospitali, na wengine kufa, baada ya kunywa maji ya mumunye chungu.

Na hapa ndipo penye uzito. Chavua ya mgeni haibadilishi ladha ya tunda la mwaka huu, ambalo hufuata mama yake. Huonekana kwa mtoto. Mimi nitakula tunda tamu, nitatoa mbegu zake kwa furaha, na uchungu utatokea mwaka ujao katika chungu cha mtu mwingine, mji mwingine. Ndiyo maana jioni, kabla maua hayajafunguka, mwenye kutunza mbegu hulifunga kwa uzi ua la kike, lile lenye kijitunda chini yake, na la kiume pia; kisha huyafungua kwa mkono wake, hupaka chavua, na kulifunga tena la kike.

Wapo wanaosikia neno "usafi wa mbegu" wakakunja uso, na wana haki. Sisi tulio ughaibuni tumechoshwa na mazungumzo ya usafi: wa damu, wa lafudhi, wa nani Mswahili na nani si Mswahili. Lakini uzi ule haudai kwamba mchanganyiko ni aibu. Mbegu chotara iliyotangazwa kuwa chotara haimdanganyi mtu, na huenda ikawa njema kuliko wazazi wake. Uzi huniwezesha tu kusema kweli kuhusu nilichokitoa. Vivyo hivyo siukubali mfano mwingine unaopendwa na wenzetu, wa vibuyu vya kale vya Amerika, ambavyo utafiti wa vinasaba wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa vina nasaba na vya Afrika na yumkini vilivuka Atlantiki kwa kuelea. Ni habari ya kupendeza, lakini kibuyu kilichoelea hakikuwa na deni kwa yeyote. Changu kilipewa mtu na mtu.

Linabaki swali gumu zaidi, na sidhani uzi unalitatua. Mbegu zangu asili yake ni Pangani, na nilipewa na bibi mmoja hapahapa Ohio. Kila mwaka nikichagua tunda linalowahi jalidi, ninachagua pia, bila kutaka, gamba jembamba, kwani gamba nene hudai siku nyingi. Huko Kyanika, Kitui, kina mama waliokusanya aina nyingi za vitete, kama Wakamba wanavyoviita vibuyu, walikusanya pamoja navyo habari za matumizi yake, na nadhani walifanya sawa: matumizi ni shahidi wa mbegu. Bibi yule alikishika kibuyu changu kilichokauka majira yote ya baridi, akakitikisa, akasikiliza mbegu zikicheza ndani, akakigonga kwa kidole. "Mwanangu, hiki cha kuangika ukutani," alisema. "Maji hakiwezi."

Je, mbegu iwahi jalidi na iishi, au ishike maji na ikaribie kufa kila Oktoba? Bustani yangu haina nafasi ya zote mbili. Nimeamua kuelemea kwenye gamba: kuanza mapema zaidi, kukata kikonyo cha mbele ili matawi ya pembeni yatoe maua ya kike upesi, na kukubali mbegu chache. Mwenzangu mwenye watoto wanne wa kulisha anaweza kuamua vingine, na sioni kwa haki gani ningemzuia.

Kwenye bahasha naandika asili, mwaka, kama tunda dogo la mmea uleule lilionjwa, na kama ua lilifungwa. Mwaka huu ninazo bahasha tisa. Tatu zimeandikwa "ua lilikuwa wazi", na hizo bado ziko kwenye mtoto wa meza.