Uvumilivu Usiofaa Mlimani

Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hufurika magari. Watu wanakwenda nyumbani, "kuhesabiwa" kama watani wao wanavyosema. Wakifika wanachinja, wanakunywa mbege, wanasuluhisha ugomvi wa mipaka ya viwanja, kisha wanarudi kazini. Siku zote hizo mlima uko pale pale juu ya migomba, na wengi waliokua wakiutazama kila asubuhi hawajawahi kuvuka geti lake.

Nawaandikia hasa wenye ndoa, kwa sababu mume na mke kwetu husafiri pamoja kwa ajili ya watu wengine. Tunakwenda harusini, msibani, kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka, kumjulia hali mama mkwe aliyelazwa. Ni safari njema na sitaki ziishe. Lakini ndoa ya miaka kumi na tano yaweza kupita bila wawili hao kuwa na siku nne za kwao, bila mtoto, bila mgeni, bila simu. Mimi naamini wanastahili siku hizo, na naamini mlima unazitoa vizuri kuliko hoteli.

Sisi tulichagua Meru. Una urefu wa mita 4,566, wa pili Tanzania baada ya Kilimanjaro, na upo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Wananchi wa Afrika Mashariki hulipa viingilio kwa shilingi, tena pungufu sana ya anacholipa mgeni, kwa hiyo hoja ya kwamba milima ni ya Wazungu haina mashiko. Nguo za baridi si lazima ziwe za dukani. Jaketi zito, suruali ya manyoya kwa ndani na glavu hupatikana mitumbani. Pale Memorial, Moshi, mwenye subira hutoka na mavazi ya watu wawili. Kitu ambacho singekinunua kwa haraka ni viatu. Vivaliwe wiki kadhaa kabla, sokoni, kanisani, popote, hadi mguu uvizoee.

Watoto ndio sehemu ngumu ya maandalizi kuliko jaketi. Dada wa kazi peke yake hatoshi. Lazima awepo mtu mzima wa familia, na mtu huyo aelezwe mapema kwamba kuna saa nyingi simu zenu hazitapatikana. Mama yangu mzazi alikubali kuja kukaa nao, ila aliuliza swali ambalo nililitarajia: "Mnakwenda kumwona nani huko?" Nilimjibu kwamba hakuna mtu, tunakwenda wenyewe tu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema sawa.

Majira nayo yana maana yake. Masika ya Machi hadi Mei hugeuza njia kuwa tope na kuuficha mlima wote kwa mawingu. Juni hadi Oktoba pakavu, ingawa Juni na Julai baridi ni kali. Januari na Februari pia pazuri. Ninaongeza jambo ambalo watu wa pwani watalielewa upesi: tazameni kalenda ya mwezi. Usiku wa kupanda kileleni ukiangukia karibu na mwezi kumi na tano, mbalamwezi humulika njia nzima na tochi ya kichwani inakuwa ya akiba.

Safari huanzia geti la Momella, kwenye mita kama 1,500, na askari wa hifadhi mwenye bunduki hutangulia. Bunduki hiyo si ya mapambo. Nyati wamo, tembo wamo, na twiga husimama kando ya njia wakitafuna huku wakikutazama kutoka juu. Ukiingia msituni, mbega huruka mitini na mkia mweupe ukiwafuata nyuma, na matawi yananing'iniza kuvumwani za kijani kama ndevu za mzee. Jioni mnalala Miriakamba, mita zipatazo 2,500. Vitanda ni vya ghorofa, chumba ni cha watu wanne, na huenda mkachanganywa na wageni. Wanandoa wanaotafuta kitanda kimoja chenye maua ya waridi wajue hilo mapema, wasije wakakasirika huko juu.

Jioni ile ya kwanza ni ya mazungumzo. Sisi tulizungumzia Ngare Nanyuki, iliyo upande huo huo wa mlima. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru katika ardhi ile ili walowezi wapewe, nyumba zikachomwa moto, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaenda hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea watu wake. Mume wangu alifundishwa habari hiyo na babu yake kabla ya mwalimu yeyote. Kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akiisimulia kwa kirefu, na sababu ni kwamba nyumbani hakuna jioni inayofika mwisho bila mtu kugonga mlango.

Siku ya pili ndiyo inayotaka akili. Njia ina ngazi nyingi za mbao, inapita Mgongo wa Tembo, inafika kibanda cha Saddle kwenye mita kama 3,570. Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Hapa mnapanda zaidi ya mita 1,000 kutoka kitanda hadi kitanda, na usiku huo huo, saa saba au saa nane, mnaamshwa kwenda kileleni, mita 1,000 nyingine. Meru ni mfupi kuliko Kilimanjaro, lakini haukupi muda. Ndiyo maana nawasihi wanaopanga wachague siku nne badala ya tatu, na mchana wa siku ya pili watembee taratibu hadi Meru Ndogo, mita 3,820, kisha warudi kulala chini. Mwili unaonjeshwa urefu kabla ya kudaiwa.

Ugonjwa wa mwinuko haujali nani ana misuli. Kijana anayekimbia kila asubuhi huweza kuugua, na mama mnene anayepanda polepole akafika salama. Huanza kwa kichwa kuuma, chakula kukataa, kichefuchefu, usingizi wa kukatika. Ukizidi, mtu anayumba akitembea, anaongea yasiyoeleweka, au anahema akiwa ameketi. Hapo tiba ni moja: kumshusha, mara moja, hata kama ni usiku. Zipo dawa za kuusaidia mwili uzoee, lakini hizo ni za kuandikiwa na daktari, si za kuazimana. Wanandoa wote wawili wamwone daktari kabla hawajalipa chochote. Wapimwe selimundu pia. Nchi yetu ina watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo, na kwa mwenye nao hewa nyembamba inaweza kuleta hatari kubwa. Hata aliyebeba vinasaba vyake tu bila kuugua anahitaji ushauri kabla ya kwenda juu. Mwanamke anayehisi kwamba huenda ana mimba amwambie daktari, na amwambie mumewe kabla ya mlima.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Sisi tumelelewa kuvumilia. Kwenye kitchen party, shangazi na masomo hutuketisha mkekani wakatufundisha kusitiri. Mume akirudi na hasira, nyamaza. Ukiwa mgonjwa, jikaze, watoto wale kwanza. Mwanamume naye tangu mdogo anaambiwa mwanamume halii, anajikaza. Mafunzo haya yamezibeba ndoa nyingi katika miaka ya njaa na ya kufukuzwa kazi, wala siwezi kuwadharau waliotupa. Lakini mwinuko hauyajui. Anayeficha kichwa kinachouma ili asimharibie mwenzake safari anajiweka hatarini kwa jina la upendo, na anamnyima mwenzake nafasi ya kumsaidia wakati msaada bado ni rahisi. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sijui mahali ambapo methali hiyo inafanya kazi kwa haraka kuliko juu ya mita 4,000.

Jioni pale Saddle mume wangu alisukuma sahani ya tambi, akasema ameshiba. Nilijua hajashiba. Ni mtu anayekula tambi hadi za watoto. Lakini sikusema neno mbele ya watu, naye hakusema. Tuliamshwa, tukavaa kila kilichokuwepo, tukaanza kupanda gizani nyuma ya askari, hatua fupi fupi. Karibu na Rhino Point upepo ulikuja kutoka upande wa kreta. Nilimwona akivua glavu ili afunge zipu ya jaketi. Alijaribu, akaikosa, akajaribu tena, akaacha mkono ukining'inia kana kwamba zipu ile si yake.

"Baba, kichwa?"

"Kinauma, mama. Tangu jana mchana."

Hakuna aliyepandisha sauti. Tulikuwa tumeshapatana nyumbani, mezani, mchana, tukiwa na akili timamu: atakayeumwa atasema, akiwa anatembea vizuri na anazungumza vizuri, atashuka na mwongozaji msaidizi, mwenye nguvu ataendelea kama anataka, na anayeyumba hashuki peke yake na mtu wa kazi, tunashuka wote. Kwa sababu hiyo tulikuwa tumelipia mwongozaji wa ziada, fedha ambayo mwanzoni ilionekana kubwa. Askari ni mmoja na anabaki na kundi. Kama hakuna mtu mwingine wa kumshusha mgonjwa, basi ama kundi zima linarudi, ama mgonjwa anaburutwa mbele, na wengi kwa aibu huchagua kuburutwa.

Mwongozaji alimwuliza maswali, akamtembeza hatua chache kwenye mstari, akaridhika. Mume wangu akanishika bega, akasema, "Nenda, mama. Utanisimulia." Akageuka.

Nilikwenda. Njia baada ya hapo ni mwamba na majivu, kuna sehemu ya kushika mnyororo, na upande mmoja kreta imeanguka chini mbali sana. Jua lilichomoza nyuma ya Kilimanjaro, na koni ya majivu ya Meru ikaonekana chini yetu, nyeusi, na kingo zake bado kali. Nilifika kileleni nikilia. Sitaki kujifanya kwamba nilikuwa nalia furaha tupu. Nilimtaka awepo. Hata hivyo sikumhofia, kwa kuwa nilijua yuko na nani, anashuka wapi, na kwamba amesema kweli yote. Nilipomkuta Saddle alikuwa ameketi juani na kikombe cha chai ya tangawizi, kichwa kimetulia, akanitaka nimweleze kila kitu kuanzia pale alipogeukia.

Habari ilipofika kwenye ukoo, haikupokelewa vizuri. Wifi mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Wewe ulimwacha mumeo mlimani?" Namheshimu sana wifi huyo, na swali lake halikuwa la ubaya, kwake mke mwema hushuka. Nilimjibu kwamba tulipatana. Akauliza tena, je, kama ningekuwa mimi niliyeugua? Mume wangu akadakia kwamba angeendelea kupanda, na mimi ningemwambia aende. Wifi akatikisa kichwa. Sidhani kwamba tulimshawishi.

Wapo wanaopatana kinyume, kwamba akirudi mmoja wamerudi wote, na hilo nalo ni jema kabisa. Ninachokipinga ni kutopatana. Watu hupanga hoteli, hupanga picha, hupanga mfuko wa kulalia wa aina gani, kisha swali zito kuliko yote wanaliacha liulizwe saa kumi alfajiri, kwenye baridi, mmoja wao akiwa mgonjwa na mwingine akiwa na miezi ya akiba aliyoweka kwa ajili ya kilele. Hapo hakuna jibu lisiloacha kidonda. Aliyerudi kwa shingo upande atakumbusha siku moja mkigombana. Aliyeachwa bila kuulizwa atakumbuka pia.

Na asiyetaka habari za mwinuko hana sababu ya kubaki nyumbani. Udzungwa kuna maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170, na kupanda kilele cha Mwanihana huchukua siku mbili au zaidi ndani ya msitu mnene, chini ya urefu ambao kwa kawaida huanza kusumbua kichwa. Kwa wanandoa ambao mmoja ana moyo wa mlima na mwingine ana moyo wa mto, ningeanzia huko.

Sisi mwaka huu tunajiandaa kwa Kilimanjaro, njia ya Marangu, kwa kuwa ina vibanda na haihitaji mahema. Tunataka siku ya ziada pale Horombo, mita 3,720, tukae mchana, tutembee hadi kwenye miamba ya Pundamilia, turudi tulale pale pale. Tumeuliza pia wapagazi watalipwa kiasi gani, nani anapima mizigo yao, maana mpagazi mmoja hapaswi kuzidisha kilo 20. Kampuni ya kwanza tuliyoipigia simu ilituambia kwamba siku ya ziada ni kupoteza fedha kwa watu wenye afya kama sisi. Mume wangu alimweleza yule kijana kwamba yeye huugua mwinuko, tena mapema. Kijana akamjibu, "Mzee, utajikaza tu." Akamshukuru, akakata simu, akapiga nyingine.