Shukrani Isiyokamilika

Tuliingia katika Monasteri ya Batalha, nchini Ureno, tukanyamaza wote. Nguzo zake ni ndefu, matao yamechongoka kama viganja vinavyoomba, na mwanga hupita katika vioo vya rangi ukatua sakafuni. Lakini jina lenyewe, Batalha, maana yake ni vita. Mwaka 1385 Mfalme João wa Kwanza alipambana na jeshi la Castilla huko Aljubarrota. Aliweka nadhiri kwa Bikira Maria: akishinda, atajenga nyumba ya sala. Akashinda, akajenga, akawakabidhi watawa Wadominiko.

Nadhiri ni deni, nalo lilipwe. Hata hivyo, swali lilitukaa moyoni: watu wa Castilla nao walikuwa Wakristo. Je, mjane wa upande ule angewezaje kupiga magoti hapa? Tukamkumbuka Daudi, aliyetamani kumjengea Bwana nyumba akazuiwa, kwa kuwa alikuwa amemwaga damu nyingi.

Kisha tukafika kwenye kaburi la Henrique, mwana wa mfalme huyo. Mwaka 1444 Waafrika waliotekwa walishushwa katika mji wa Lagos, Ureno, wakagawanywa; naye akapokea fungu lake, moja ya tano. Sisi, watoto wa Afrika, tulisimama pale tukakosa neno. Wazuri waliojenga uzuri huu walimtukuza Mungu kwa mawe, wakamsahau katika mwanadamu.

Lakini tusiwahukumu upesi. Mara ngapi tumesimama mbele ya kanisa kutoa shukrani kwa kushinda kesi ya shamba, na aliyeshindwa ni ndugu yetu, ameketi benchi la nyuma akiinamisha kichwa? Sadaka tumetoa, vigelegele vimepigwa, naye amerudi nyumbani peke yake.

Nyuma ya kanisa lile kuna makanisa madogo yaliyoanzishwa na Mfalme Duarte. Hayakumalizwa kamwe. Kuta zimechongwa kwa ustadi, ila paa hakuna. Mvua inanyesha ndani. Tulipotazama mbingu kutoka pale, tulielewa: shukrani yetu nayo haina paa mpaka tumwendee yule tuliyemshinda. Tuliporudi, baadhi yetu tulikuwa na nyumba za kuzibishia hodi.