Nchi Ipi Ina Heri?

Nchi ipi ina heri, yenye mali au yenye uzima? Zitazameni Pakistani na Bangladeshi, zilizokuwa dola moja hata mwaka 1971. Zilipotengana, Bangladeshi ilikuwa maskini zaidi, tena imeharibiwa na vita. Lakini tangu mwaka 1980 walimu wa kike walikwenda nyumba kwa nyumba, wakiwafundisha akina mama kuchanganya maji, chumvi na sukari guru, ili mtoto anayeharisha asife. Leo, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, Pakistani huzika zaidi ya 50 kabla hawajatimiza miaka 5. Katika Bangladeshi hawafiki 40. Mali ni kipawa cha Mungu, lakini haimfikii mtoto isipopelekwa. Basi, kila aliye na maarifa yaokoayo uhai, hata yakiwa madogo, asiyafungie nyumbani mwake.